Makoti ya Bodi ya Magunia

Kwanza niwaeleze habari ya makoti, maana msipoyaelewa makoti mtabaki kunitolea macho tu mpaka mwisho.

Pale Bodi ya Magunia, Kampala, kila mwanamume alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kiti. La kuvaa lilitembea na mwenyewe. La kiti lilibaki ofisini mgongoni mwa kiti, mikono inaning'inia, na ukiuliza fulani yuko wapi unajibiwa yupo, kwani koti lake hulioni? Fulani mwenyewe yuko Kamwokya anatafuta mafuta ya taa, au yuko Lubaga kwenye foleni ya chumvi, au amelala zake nyumbani. Lakini yupo. Aliyetoka bila kuacha koti aliitwa mtoro, na aliyeacha koti alihesabiwa yuko kazini.

Mimi sikumlaumu mtu. Mshahara wa serikali miaka ile ulikwisha kabla hujaufikisha nyumbani, na dukani penyewe hakuna kitu. Mtu angekaaje ofisini kutwa anaandika habari za magunia, na magunia yenyewe hatukuwa nayo? Waliotulaumu walikuwa na sukari kwao.

Jina langu Nabalayo. Nilikuwa mpiga taipu. Ni Mbukusu wa upande wa Kenya, nikaolewa na Msamia wa upande wa Uganda, akafa, akaniachia chumba cha kupanga Kamwokya na huu ulimi wangu. Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwao kwa hofu. Mimi nilibaki kwa sababu ya ukaidi, sina sababu nyingine ya kuwaambia.

Meneja wetu, mtu wa vyuo, alitoka siku moja kwenda kula chakula cha mchana na hakurudi. Hatukuuliza. Wakatuletea Meja. Huyo Meja alitoka jeshini kwenye karakana ya magari, na habari za magunia alizijua kama mimi ninavyojua habari za mbinguni. Alitembea na kifimbo kwapani. Siku ya kwanza alituambia hatasoma ripoti, kwa sababu ripoti huandikwa na waongo. Yeye ataona kwa macho yake. Basi kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni kabla ya kufunga, akawa anapita katikati ya meza, mguu mzito, anatazama viti.

Akikuta kiti kina koti, anamgeukia Mzee Owino, karani mkuu, Mjaluo aliyeanza kazi enzi za Wazungu na ambaye haja yake ilikuwa moja tu, astaafu akiwa hai. Mzee Owino anasema yupo, afande, ametoka kidogo. Meja anatikisa kichwa, anapita. Mtu mwenyewe hamtazami usoni. Nadhani jeshini walimzoesha hivyo, ukiona sare na cheo basi umemwona mtu. Na sisi tulimsaidia, maana akipita wote tulitazama chini, hakuna aliyetaka kukumbukwa sura.

Kisha akaleta jambo jipya. Kila mwezi atachagua mfanyakazi bora. Atampa redio na beji, na picha yake itatoka gazetini. Habari ya gazeti haikutupendeza, kwa sababu mwaka huo, sabini na saba, mtu mwenye akili alitaka jina lake lisijulikane hata na majirani.

Sasa niwaambie watu wawili, maana kisa chote ni chao.

Okeny alikuwa karani wa usafirishaji, Mwacholi, mtu mnyoofu mpaka anachosha. Yeye peke yake alikuwa na koti moja. La kahawia, lenye viraka vya ngozi viwikoni. Alilivua kwa joto akalitundika kitini, naye akabaki hapohapo chini yake, kichwa kwenye makaratasi kutwa. Makoti ya wenzake yalimkera sana, na enzi za meneja wa zamani aliwahi kwenda kusema.

Aliyesemwa alikuwa Otema, mtunza stoo, Mwacholi pia. Jamani, uvivu nimeuona, lakini wa Otema ulikuwa wa kutukuka. Mrefu, mpana, mdomo haufungi, sukari ya magendo anauza mji mzima, na nusu ya askari wa kambini walikuwa wateja wake. Koti lake la kiti, la buluu lenye mistari, lilikuwa zuri kuliko la kuvaa. Alisema ni haki yake, kwa sababu ndilo linalofanya kazi. Okeny alipomsema, Otema alisimamishwa kazi wiki kadhaa. Aliporudi hawakusalimiana tena. Wakikutana kwenye ngazi mmoja anatazama ukutani.

Basi mwezi wa pili yakatokea yale mauaji ya askofu mkuu na mawaziri wawili ambayo kila mtu anayajua, na baada yake Waacholi na Walango wakaanza kuchukuliwa. Wanachukuliwa makambini, wanachukuliwa maofisini, wanachukuliwa majumbani. Ndugu yake Okeny alikuwa luteni, akaponea chupuchupu, akaruka ukuta wa kambi akapotea. Waliomkosa wakaanza kutafuta damu yake.

Jumapili baada ya kanisa Okeny alikuja kwangu Kamwokya. Alikuwa amelikunja koti lake ndani ya gazeti. Akaniambia anaondoka leo hii, kupitia Busia. Lakini mke wake, Acen, hawezi kuondoka. Mtoto wao wa mwisho alikuwa amelazwa hospitali kule Mengo, ana nimonia, daktari anasema labda mwishoni mwa wiki. Akiondolewa kitandani kabla hajapona atakufa njiani. Na siku ofisi itakapotangaza kwamba Okeny hayupo, mahali pa kwanza watakapokwenda ni kwa mke.

Tukakubaliana hivi. Kaka yangu Khisa, dereva wa lori, atamchukua Acen na mtoto siku ileile daktari atakapowaruhusu, awapeleke mpakani. Mpaka siku hiyo Okeny awe kazini. Ilimwuma kunieleza, niliona. Mtu aliyekuwa akiyachukia makoti kiasi kile sasa ananikabidhi la kwake, na alishindwa kunitazama usoni. Nilimwambia aache upuuzi, anipe koti, aende.

Jumatatu nikafika mapema, nikalitundika. Mzee Owino nilimweleza kwa kunong'ona, na nilidhani ataanguka. Alikaa, akafuta miwani, akasema yeye hajasikia kitu. Kwa Mzee Owino huo ulikuwa ushujaa, basi nikamshukuru.

Lakini Otema aliingia kuacha koti lake, akasimama katikati ya chumba. Mtu yule alikuwa na jicho la makoti. Akalitazama la Okeny, akacheka mpaka tumbo likatikisika, akasema hatimaye mtakatifu ameonja utamu. Hasira zikanipanda. Nikamvuta pembeni, nikamwambia moja kwa moja: ndugu yake Okeny anatafutwa, Okeny amekwenda, mkewe yuko Mengo na mtoto mgonjwa, na wewe ukicheka tena kwa sauti nitakutia wino wa taipu mdomoni. Kicheko kikamkauka. Akasimama kidogo anajikuna shingo.

Kisha akaniambia nimelitundika vibaya. Limekaa sawasawa mno, kama limetoka kwa dobi. Koti la mtu aliyepo huinama upande mmoja. Akalivuta bega la kushoto likashuka. Akafungua faili, akaweka kalamu juu bila kifuniko, akasogeza kiti kidogo nyuma kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Chai ilipokuja akamimina kikombe, akanywa nusu, akakiweka mezani kwa Okeny. Nilitaka kumchukia kama kawaida yangu, nikashindwa.

Kuanzia siku hiyo Otema hakutoka. Ajabu na kweli. Alishinda ofisini kuliangalia koti la mtu asiyesalimiana naye. Asubuhi faili hili, baadaye faili lile. Mara koti liko kulia, mara liko kushoto. Jioni kila mtu amekwenda, la Okeny bado lipo na taa ya mezani inawaka. Alikuwa na raha nayo kama fundi aliyepata kazi ya maana. Nilimwonya apunguze. Akasema mimi nijue taipu, makoti nimwachie yeye.

Kumbe Meja alikuwa anaona. Kwake Okeny alikuwa ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na meza yake ndiyo pekee yenye dalili ya kazi. Jumatano tukaitwa uani wote. Kulikuwa na meza, kwenye meza kuna redio, na kando yake mpiga picha wa gazeti. Meja akapanda kwenye kreti.

"Mimi nilikuwa naangaria nyinyi wote," akasema. "Iko mutu moja tu anafanya kazi. Okeny. Kuja hapa."

Nikamwona Mzee Owino ameshika ukuta. Hakuna aliyesogea. Meja akaita tena, na safari hii alitazama huku na huku, na kile kifimbo kikaanza kupiga kwenye paja. Nikafikiria kusema ameugua, nikaona watamfuata nyumbani. Nikafikiria kusema ametumwa, nikaona wataniuliza nani kamtuma. Nilimwona Acen kichwani mwangu, amekaa kando ya kitanda kile Mengo na mtoto kifuani.

"Nipo, afande."

Alikuwa Otema. Ametokea mlangoni kwenye ngazi, amevaa koti la kahawia. Haki ya Mungu, mikono iliishia karibu na viwiko, na vifungo havikukutana hata kwa kuombwa. Akapita katikati yetu, anajikaza kisabuni, akasimama mbele ya Meja akapiga saluti. Wala Meja hakushtuka. Angeshtukaje? Otema tangu aajiriwe alikuwa hayupo, na siku zile mbili Meja akipita yeye alijificha stoo, Meja hajapata kuiona sura ile. Alichokijua ni koti, na koti ni lenyewe.

Akampa mkono, akambandika beji kifuani, akamkabidhi redio. Mpiga picha akawapiga. Meja akatuambia tujifunze kwa mutu kama huyu. Tukapiga makofi.

Baadaye nilimfuata stoo. Nilimtukana kwanza, ili moyo ushuke. Akaniambia nisiwe na wivu, redio ile ataiuza Kamwokya na atanigawia sukari. Alikuwa anachekacheka, lakini redio hakuiachia mpaka nikaipokea mimi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema alikuwa mlangoni, aliona hakuna anayesema kitu, na yeye kunyamaza kumemshinda tangu utoto.

Kesho yake gazeti likatoka. Sura ya Otema, ameng'aa meno, na chini yake jina la Okeny limeandikwa lote, na la baba yake pia. Nililisoma lile gazeti mara mbili, nimesimama barabarani. Waliokuwa wanamtafuta ndugu wa luteni sasa wameambiwa anafanya kazi wapi na anafananaje.

Nikamwambia akimbie, siku hiyohiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Okeny, maana tangu Jumatano ilibidi Meja akipita amwone. Koti la kahawia mwilini, la buluu kwenye kiti chake mwenyewe, amekuwa watu wawili na wote wanafanya kazi. Akaniuliza mtoto ametoka hospitali? Nikasema daktari amesema kesho. Akageuza ukurasa wa faili.

"Nikikimbia leo kiti kitakuwa kitupu leo," akasema. "Wakimtoa mtoto kesho, nami nitaondoka kesho."

Nilimwambia ana kichwa kigumu na kwamba Okeny hakumtendea jema hata moja katika maisha yake. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mtoto wa miaka miwili hajamsema yeye kwa meneja.

Jioni nilipokwenda Mengo, Acen akanionyesha kikaratasi cha sukari kilicholetwa na mtu mrefu asiyetaja jina. Sikumwambia ni nani. Alikuwa na hofu zake za kutosha.

Ijumaa asubuhi Khisa aliwachukua mlangoni pa hospitali. Niliwaona kwa macho yangu wakipanda, Acen amejifunga leso kama mke wa dereva, mtoto amelala. Nikaenda ofisini nusu nakimbia. Nikainama mezani kwa Otema kama ninayechukua karatasi, nikamwambia wameondoka. Akashusha pumzi ndefu. Akasema basi waache wafike mbali kidogo, na mchana naye mguu niponye. Nakumbuka nilimcheka. Nilimwambia itakuwa mara ya kwanza kuondoka kazini kwa sababu ya maana.

Walikuja kabla ya chai.

Walikuwa wawili, watu wa usalama, mashati ya maua, miwani myeusi, na mmoja ameshika lile gazeti. Walipita mlangoni kwa Meja bila kubisha. Meja akatoka, kifimbo kwapani, akafungua mdomo. Akawatazama. Halafu akarudi ndani akaufunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba Meja naye anaogopa kama sisi.

Yule mwenye gazeti akatazama picha, akatazama chumba, akaja mpaka mbele ya meza.

"Wewe ndio Okeny?"

Angeweza kukataa. Mzee Owino, mimi, watu wote chumbani tungeapa kwamba huyo ni Otema wa stoo, na askari nusu ya kambi wangemtambua kwa sukari yao. Lakini akisema mimi si Okeny, swali linalofuata ni Okeny yuko wapi, na simu ilikuwa hapo mezani. Lori la Khisa lilikuwa halijafika hata daraja la Jinja. Simu moja kwenye kizuizi na mambo yamekwisha. Otema alinitazama. Nami niseme lililokuwa moyoni mwangu, sitaki kujipamba: nilitaka akatae, na nilitaka akubali, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikufungua mdomo.

"Ndiyo," akasema. "Okeny ni mimi."

Wakamwuliza mke wake yuko wapi. Akajibu bila kusita kwamba amekwenda kwao Kitgum, kwenye mazishi ya mama mkubwa, tangu wiki jana. Kaskazini. Lori lilikuwa linakwenda mashariki. Yule mwingine akamshika koti begani, mshono ukaachia. Otema akaomba dakika. Akachukua kalamu ya Okeny, akaifunika kifuniko chake, akasema itakauka. Akaiweka sawa juu ya faili. Wakatoka naye.

Nilikwenda dirishani. Gari lilikuwa limeegeshwa chini. Nilingoja wamfungulie mlango. Wakafungua buti la nyuma, la kuwekea mizigo.

Chai ilikuja, hakuna aliyekunywa. Mzee Owino alilia waziwazi, miwani mkononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumapili Khisa akarudi. Acen amevuka kwa njia za vichakani, mtoto mzima, Okeny aliwapokea upande wa pili akapiga magoti barabarani. Nilifurahi, kwa nini nikatae? Nilifurahi nikalia, na kilio hakikuwa cha furaha chote. Nikamtuma Khisa arudi amwambie Okeny ni nani aliyekaa kwenye kiti chake. Alileta jibu kwamba Okeny alisikia, akatoka nje, na hakurudi ndani mpaka jioni.

Ofisini wakakiondoa kiti cha Okeny kwa amri ya Meja. Alitoa amri ile akitazama pembeni. Lakini kiti cha Otema kilibaki, na koti la buluu juu yake, bega moja limeshuka kama alivyopenda. Siku moja nilitia mkono mfukoni mwake nikakuta kitambulisho chake. Alikiacha humo siku ile alipovaa la mwenzake. Nilikirudisha.

Tungefanya nini? Kusema Otema hayupo ni kusema aliyechukuliwa si Okeny, na hapo wangetujia sote. Basi Otema akabaki kazini. Nilimsogezea kiti asubuhi, nikamfungulia kitabu cha stoo, Mzee Owino akammiminia chai. Meja akipita anauliza, anaambiwa yupo stoo, afande. Hakuna aliyepanga hayo. Tulijikuta tu tunayafanya, na kila mmoja alimkasirikia mwenzake akisahau.

Mwezi ukaisha. Tukaitwa uani tena. Meza ileile, redio nyingine, mpiga picha yuleyule. Meja akapanda kwenye kreti. Alikuwa amekonda. Akasema safari hii amemwona mutu ambaye koti yake haitoki kazini, asubuhi iko, jioni iko. Akataja jina. Otema.

Hakuna aliyetokea mlangoni, ingawa hata mimi kwa upumbavu wangu niligeuka kutazama. Wanaume walitazama viatu. Baada ya ile Ijumaa nani angejibu jina la mtu? Meja akaita mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi.

Sijui kilichonipata. Hofu ilikuwepo, tele, lakini juu ya hofu kulikuwa na hasira, na mimi hasira ikinipanda miguu haiulizi. Nikapanda ngazi. Nikalitoa koti la buluu kitini, nikashuka nalo mikononi mwangu miwili, nikapita katikati ya watu mpaka mbele ya kreti.

"Huyu hapa, afande," nikasema.

Meja alilitazama koti. Kisha akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu aje. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Akainama kama anayetaka kuona kola, na mimi peke yangu nikamsikia.

"Ile mutu walichukua," akasema, "ni hii?"

"Ndiyo, afande."

Nilingoja. Neno lake moja lilitosha kutumaliza sote mle uani, na yeye alijua, na nadhani alijua pia kwamba beji aliyoibandika yeye ndiyo iliyowaleta wale watu. Mpiga picha akainua kamera. Meja akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Picha hapana," akasema.

Akachukua beji mezani. Pini ilimchoma, akafuta damu kwenye suruali akajaribu tena mpaka ikashika kwenye kola ya koti. Akasimama wima, akapiga saluti. Hakunipigia mimi. Halafu akaanza kupiga makofi, polepole, peke yake, mpaka Mzee Owino akajiunga, na wengine wote wakajiunga, na mimi mikono ilikuwa imejaa koti sikuweza kupiga.

Nikarudi nalo juu. Nikalitundika, nikalishusha bega la kushoto. Chai ilipokuja nilimmiminia kikombe. Sukari ilikuwa imepotea mjini tangu alipoondoka yeye, lakini nilikuwa na kijiko kimoja nimekiweka kwenye kikaratasi. Nikakitia chote, nikakoroga, nikakiacha pale mezani kwake, nikarudi kwenye taipu yangu.